Utamu Uliotoweka Kwenye Chupa ya Chai ya Mwajuma

Mgeni rasmi, Bi. Fides Kibona, muuza juisi, uliyekuwa mwanachama wetu namba kumi na moja hadi siku tulipokufukuza;
Mwalimu Anyelwisye, mwalimu wa kemia;
Mwenyekiti wetu Mama Frida;
Madereva mlio kwenye foleni ya mpakani, ambao hamna pa kwenda na kwa hiyo mmehudhuria;
Mabibi na mabwana.

Bwana asifiwe. Asalaam aleikum. Habari za asubuhi.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, sisi wanachama wa Kikundi cha Tulia Unywe tunayo furaha, iliyochanganyika na aibu, kukukaribisha kwenye kijiwe chako mwenyewe. Tumeandaa kiti chenye kitambaa cheupe. Tunatambua kwamba umekuja na kiti chako kutoka Itumba na umekalia hicho. Hatuna kinyongo. Kile cha kitambaa kitabaki hapo hapo, mtu asikikalie.

Tunajua kuna waliozoea kuona mgeni rasmi akishuka kwenye gari lenye bendera. Wewe umeshuka kwenye Coaster. Naomba wenye minong'ono huko nyuma wanyamaze, kwa sababu katiba ya kikundi, kifungu cha saba, inasema mgeni rasmi ni mtu yeyote ambaye kikundi kina jambo zito la kumweleza. Tumeisoma mara tatu. Haisemi habari za gari.

HISTORIA FUPI YA KIKUNDI NA YA ULE UNGA

Mgeni rasmi, kikundi chetu kilianza na wanawake saba wenye meza nne, kandokando ya barabara yanapojipanga malori yanayovuka kwenda Zambia. Tunauza chai, maandazi, uji na supu. Juisi ulikuwa unauza wewe peke yako, rozela yenye ndimu, na hatukuwahi kuona haja ya mtu mwingine kuijaribu.

Meza yako na ya Mwajuma Othmani zilikuwa zimegusana. Mwajuma alikuja Tunduma kutoka Kondoa akiwa na chupa mbili za chai na hamjui mtu. Wewe ndiye uliyemsogezea nusu ya mwavuli. Kwa miaka sita mlikuwa mkila chakula cha mchana kwenye sahani moja, na mmoja akienda msalani mwingine aliuza vya wote wawili. Yaliyo moyoni mwa Mwajuma katika risala hii tumeyaandika kwa idhini yake. Alikaa na katibu siku tatu, na mara mbili alimwomba katibu afute kisha akamwambia aandike tena.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, dereva mmoja Mzambia, Bwana Watson, ambaye yupo hapa leo, alimwambia Mwajuma kwamba daktari amemkataza sukari.

"Bamayo," akasema, yaani mama kwa Kibemba, "mimi siku hizi nakunywa chai kama mtu aliyefungwa. Mnitafutie kitu."

Mwajuma hapendi mteja ateseke. Alivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, akauliza maduka matano, akarudi na kopo la unga mweupe. Muuzaji alimwambia unga ule ni mtamu mara mia mbili kuliko sukari. Alipofika alilamba kidogo kwenye ncha ya kidole, akakaa chini. Kisha akafanya jambo ambalo sisi wote tumelikumbuka tukiwa tumechelewa: aligawa kopo lile nusu kwa nusu, akakupa nusu yako, kwa sababu na wewe ulikuwa na wateja wenye kisukari.

Asubuhi iliyofuata chai ya Mwajuma ilikuwa na utamu wa kuzungumzika. Bwana Watson alikunywa vikombe viwili amefumba macho. Saa nane mchana alirudi, akamiminiwa kikombe kutoka chupa ile ile, akanywa funda moja, akamtazama Mwajuma kwa upole wa mtu anayepeleka habari za msiba.

"Awe, bamayo, hapana," akasema. "Chai yenu ya asubuhi na hii ya mchana hazina mama mmoja."

Mwajuma akaionja. Ilikuwa ya moto, ina maziwa, ina tangawizi. Utamu haumo.

JINSI TULIVYOFIKIA UAMUZI

Mgeni rasmi, hapa tunaomba uturuhusu kusoma polepole, maana tunaona haya.

Hali ile iliendelea kila siku. Asubuhi tamu, mchana maji ya bomba yenye maziwa. Akitia unga mwingi zaidi, mpaka saa kumi umekwenda. Akiutia kwenye unga wa maandazi, yanatoka kwenye mafuta yamevimba vizuri, mekundu vizuri, na hayana ladha ya kitu chochote. Wakati huo huo juisi yako, unga ule ule, kopo lile lile, ilikuwa tamu asubuhi, tamu mchana, na tamu kesho yake ikiwa imebaki.

Mwanachama mmoja, ambaye atajitaja mwenyewe mwishoni, ndipo alipolitamka neno. Alisema, "Chuma ulete."

Kwa faida ya wageni, hiyo ni ile dawa inayosemwa kwamba mtu akiwa nayo, mali ya mwenzake inahama yenyewe kwenda kwake. Tulikuwa tumeisikia kwenye fedha na kwenye unga wa mahindi. Kwenye utamu hatukuwahi, lakini tuliona hakuna kinachozuia. Ndoo yako ilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye chupa ya Mwajuma.

Hatukukurupuka. Tulifanya uchunguzi. Kwanza tuliihamisha chupa ya Mwajuma hatua kumi. Utamu ukaisha. Tukakuomba wewe uhamie ng'ambo ya barabara, tukakudanganya kwamba ni kwa sababu ya vumbi. Utamu ukaisha. Tukakupeleka mwisho wa foleni, nyuma ya malori ya shaba, ambako hata sisi hatukuoni. Utamu ukaisha vile vile. Mtu mwenye akili angesema basi si Fides. Sisi tulisema nguvu zake ni kubwa kuliko tulivyofikiri.

Katika kikao cha mwezi wa pili ulisimama ukauliza swali moja tu: "Huo utamu ninaouchukua ninauweka wapi? Njooni mnionyeshe, na mimi niuone." Muhtasari unaonyesha kwamba swali lako halikujibiwa na kwamba kikao kiliendelea na ajenda iliyofuata. Mikono ilinyooshwa. Mwajuma aliunyoosha wake mwisho, nusu, mkono umekunja kiwiko, lakini aliunyoosha. Anasema alikuwa akitazama meza, kwa sababu angekutazama wewe, mkono usingenyooka.

Ulikunja mwavuli, ukauacha kwake, ukaenda kwenu Itumba.

SIKU YA SANDUKU

Baada ya wewe kuondoka, mgeni rasmi, tulitegemea mambo yatulie. Hayakutulia. Chai iliendelea kupoteza utamu kila mchana kwa saa yake. Baadhi yetu tulieleza kwamba unauvuta kutokea Ileje, wilaya ya kwenu. Mwajuma alitazama mawinguni ambako milima ya kwenu iko, akapima umbali kwa macho, na hapo ndipo shaka ilipomwingia. Alikuwa akijua unavyochoka kubeba ndoo moja kutoka bombani. Hakuona vipi ungeweza kubeba utamu kupita milima yote ile.

Jumapili moja ya mwezi wa sita hakuja kazini. Alipika chai ya maziwa saa kumi na mbili asubuhi, akatia unga, akaonja, ikawa tamu. Akaifunga kwenye chupa, chupa akaiweka kwenye sanduku la bati, akapiga kufuli, akavaa ufunguo shingoni, akakaa juu ya sanduku. Binti yake Fauzia alimuuliza anafanya nini. Akasema anafanya utafiti. Alikula juu ya sanduku. Jirani alikuja kuazima ungo, akazungumziwa kutoka juu ya sanduku. Aliondoka pale kwa ajili ya swala tu, na hata hapo alitandika mkeka palipo karibu na kumweka Fauzia kwenye zamu.

Saa kumi alasiri alifungua. Wewe hukuwepo, sisi hatukuwepo, hata paka alikuwa nje. Akamimina, akaonja. Utamu umekwenda.

Mwajuma anasema hakulia kwa ajili ya chai. Alikaa na kikombe mkononi akiwaza kwamba kama hakuna mtu aliyeuchukua leo, basi hata siku zile hakuna mtu aliyeuchukua, na kwamba kuna mtu Itumba anaitwa mchawi kwa sababu ya mkono wake alioukunja kiwiko.

ELIMU TULIYOPATA

Mgeni rasmi, Mwalimu Anyelwisye hunywa chai kwetu siku za gulio. Mwajuma alimfuata shuleni na kopo lake ndani ya mfuko. Mwalimu alisoma maandishi madogo nyuma ya kopo, ambayo sisi tulidhani ni anwani ya kiwanda, akasema unga huu unaitwa aspatemu.

"Aspa-tamu?" akauliza Mwajuma.

"Aspatemu."

"Aliyeupa jina alikuwa Mswahili," akasema Mwajuma, na mpaka leo hajakubali vinginevyo.

Kisha mwalimu akauliza maswali ambayo sisi hatukuwahi kuuliza. Juisi ya Fides ilikuwa ya nini? Ya rozela na ndimu. Chachu? Chachu. Unga aliutia juisi ikiwa inachemka? Hapana, anachemsha rozela, anaiacha ipoe kabisa, ndipo anatia. Na wewe, chai? Ya moto, maziwa, kwenye chupa tangu alfajiri. Mwalimu akavua miwani akaifuta muda mrefu. Akamwambia Mwajuma alete viongozi wote siku ya Jumatano, waone kwa macho yao, kwa sababu jambo hili likisemwa na mtu mmoja halitaaminika.

Tulikwenda watatu: Mama Frida mwenyekiti, Leah ambaye ni katibu na ndiye anayesoma risala hii, na Mwajuma.

Tunachokisema sasa tulifundishwa. Tukikosea mwalimu yuko hapa atanyoosha kidole.

Nyama, maziwa, maharage, hata nywele, vyote vimejengwa kwa vitu vidogo viitwavyo asidi amino. Kila asidi amino ina mkono wa kulia wenye nitrojeni na mkono wa kushoto wenye asidi. Mkono wa mmoja ukishika mkono wa mwenzake wanaachia tone la maji, na pale waliposhikana panaitwa kifungo cha peptaidi. Wakishikana mamia wanakuwa protini. Wakishikana wawili tu, wanakuwa peptaidi iliyo ndogo kuliko zote. Unga wa Mwajuma ni hao wawili: mmoja anaitwa asidi aspatiki, wa pili fenilalanini, na huyo wa pili mkono wake ulio huru umevalishwa kofia ndogo iitwayo methili.

Mwalimu aliona nyuso zetu, akasema simameni.

Akamfanya Mama Frida kuwa asidi aspatiki. Akasema kwa haki anastahili mkono wa tatu, wenye asidi nyingine, lakini tutamsamehe. Katibu akawa fenilalanini. Wakashikana mkono mmoja mmoja. Kofia ya mwalimu mwenyewe ikatundikwa kwenye mkono wa katibu uliobaki. Madirisha ya maabara yalikuwa yameshajaa wanafunzi.

"Hivi mlivyo ndivyo ulimi unavyowapenda," mwalimu akasema. "Ulimi una mlango wenye umbo lake. Mkiingia mmenyooka hivi, mlango unafunguka, mtu anasema tamu. Sasa nawatia kwenye chai ya moto. Chezeni."

Mama Frida alisita, kisha akacheza kidogo.

"Mama Frida ana mkono mmoja hauna kazi. Kwenye moto, mtu asiye na kazi anatafuta pa kushika. Mgeukie katibu, mshike mkono ule wenye kofia."

Mama Frida akamgeukia katibu, akamshika. Kofia ikadondoka. Wakawa wamesimama uso kwa uso, mikono yote minne imeshikana, kama watoto wanaotaka kuzunguka.

"Hiyo sasa ni duara," akasema mwalimu. "Inaitwa daiketopiperazini." Neno hili katibu ameandikiwa kwenye kiganja. "Ni wale wale wawili, hakuna aliyekwenda mahali. Lakini mlango wa ulimi hawapiti tena. Sasa tutie ndimu." Akampa Mama Frida ndoo ya maji aibebe kwa ule mkono usio na kazi. "Chachu ni hidrojeni. Kwenye juisi chachu na ya baridi, mkono wa Mama Frida umebebeshwa hidrojeni. Mshike katibu."

"Siwezi, nimebeba ndoo."

"Basi. Ndiyo maana juisi ya Fides haikuharibika."

Katika maabara ile, mgeni rasmi, watu watatu wazima waliitazama ndoo kwa wakati mmoja.

Mwajuma aliuliza ile kofia iliyodondoka inakwenda wapi. Mwalimu akasema inaondoka kama aina ya spiriti. Mwajuma alishika kifua, kwa sababu maisha yake yote hajauza kileo. Mwalimu akamtuliza: ni kidogo sana, hata juisi ya nyanya ina zaidi ya hapo, na haileweshi mtu kwa kikombe cha chai.

Mama Frida, ambaye bado alikuwa na ndoo, alisema maneno ni maneno, yeye anataka kuona. Mwalimu akaleta kwanza mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, na kostiki soda. Akasema kipimo hiki huonyesha protini kwa kugeuka rangi ya zambarau. Akatia unga wetu. Ukabaki buluu ya mrututu. Mama Frida akasema, "Nilijua." Lakini mwalimu alikuwa amefanya makusudi. Mrututu, akaeleza, unahitaji angalau vifungo viwili vya peptaidi ndipo upate pa kujifunga na kugeuka rangi. Huu wetu una kifungo kimoja. Ni mdogo mno hata kwa mrututu.

Ndipo akatoa kichupa kidogo alichokuwa amekifungia kabatini, kilichobaki na dawa ya kijiko kimoja tu. Inaitwa ninhidrini. Kazi yake ni kutafuta mkono wa nitrojeni ulio huru. Ikiupata, inageuka zambarau. Akaweka mirija mitatu ya kioo. Wa kwanza una maji na unga mbichi. Wa pili una maji na unga uliokaa kwenye chupa ya chai, moto, tangu asubuhi ya jana. Wa tatu una unga kwenye maji yenye siki nyeupe, ya baridi, tangu asubuhi hiyo hiyo. Kabla ya kutia dawa aliupunguza uchachu wa ule wa tatu, ili kipimo kifanye kazi. Akatia dawa kwenye yote mitatu, akaiweka kwenye maji ya moto, tukasubiri.

Wa kwanza ukageuka zambarau kama kanga ya harusi. Wa tatu, wa siki, nao zambarau. Wa pili ukapata rangi hafifu, kama maji yaliyosuuziwa kanga hiyo.

"Mikono imeshikana," akasema Mwajuma, taratibu. "Hakuna iliyo huru."

"Michache imebaki. Mingi imeshikana."

"Kwa hiyo utamu haukwenda kwa mtu."

"Haukwenda kwa mtu yeyote. Uko humo humo kwenye chupa, umejishika wenyewe."

Wakati huo Mama Frida alikuwa ameshika kizibo cha ile dawa ili kuhakikisha. Hakuona kitu. Jioni vidole vyake vitatu vilikuwa zambarau, kwa sababu jasho la mtu nalo lina asidi amino. Hakuna sabuni iliyosaidia. Kwaya ya Jumapili aliimba mkono mmoja ndani ya kitenge, na kila aliyemuuliza aliambiwa ni damu ya maini.

SAFARI YA MWAJUMA

Tulirudi tukakaa kikao. Tulipendekeza kukupigia simu. Tulikupigia, hukupokea. Tulipendekeza kutuma ujumbe wa watu wawili. Mwajuma akasema yeye anakwenda, na anakwenda peke yake.

Alipanda gari mpaka Mpemba, akapanda jingine la Itumba. Alikukuta uani kwenu unachambua maharage. Hukuinuka. Ulimwonyesha kigoda, akakaa, akaanza kuchambua na yeye, kwa sababu hakujua mikono aiweke wapi. Alikueleza yote: sanduku, maabara, Mama Frida na ndoo. Anasema alipofika kwenye habari ya ndoo mdomo wako ulitetemeka kidogo, lakini hukucheka.

Alipomaliza alisema, "Tunaomba radhi. Tulikosea."

Ukauliza, "Nani?"

"Sisi."

"Dada Mwajuma, hata siku ile kila mtu alisema sisi. Sisi tumeona, sisi tumeamua. Niliondoka Tunduma sijui nani kaniita mchawi. Usiku wa kwanza hapa nilikuwa nawahesabu mmoja mmoja, huyu hawezi kusema, yule hawezi kusema, mkaisha. Mlinichafua kwenye kikao, mbele ya madereva, kwa sauti. Nisafisheni pale pale, kwa sauti ile ile. Na mje na majina."

Ukamfungia maharage kilo mbili. Alirudi nayo analia kwenye gari, na kondakta akadhani yamemmwagikia akamsaidia kuyatafuta chini ya viti.

Ndipo tulipoifungua katiba. Hatukuona kifungu cha kuomba radhi. Aliyeiandika hakutegemea. Lakini tuliona kifungu cha mgeni rasmi, na tukagundua kwamba mgeni rasmi ndiye mtu pekee anayelazimika kusikiliza mpaka mwisho. Barua yenye muhuri ikaandikwa. Ukajibu kwa mstari mmoja: "Nitakuja, na kiti changu."

MAFANIKIO

Pamoja na yote tunayo mafanikio. Mwajuma haweki tena unga kwenye chupa. Anautia kwenye kikombe, mbele ya mteja, mteja anakoroga anakunywa mikono haijapata nafasi ya kushikana. Bwana Watson anaridhika asubuhi na mchana. Maandazi yamerudishwa kwenye sukari, na wenye kisukari wanaelezwa wasiyaguse.

Tumefuta maneno "chuma ulete" kwenye muhtasari wa mwezi wa pili. Kwa bahati mbaya tulifuta kwa kalamu ile ile ya wino wa buluu, na yanasomeka vizuri zaidi kuliko mwanzo.

CHANGAMOTO

Mwanachama mmoja bado anaamini mwalimu naye ulimtengeneza kwa dawa. Tunaendelea kumwelimisha.

Mama Frida vidole vimetakata, ila kucha moja.

Madereva wanauliza juisi kila siku. Mwenzetu Gloria alijaribu kutengeneza rozela. Hatutaki kumvunja moyo, kwa hiyo tunaishia hapo.

Na changamoto kubwa ni Mwajuma. Kila asubuhi anapanga meza yake akiacha pembeni nafasi ya meza nyingine. Watu wameitaka nafasi ile, amewakatalia. Mwavuli anaufungua wote, na yeye anakaa chini ya nusu.

MAOMBI

Tunaomba, mgeni rasmi, urudi kwenye kikundi. Namba kumi na moja hatukumpa mtu.

Tunaomba meza yako irudi ilipokuwa, si ng'ambo ya barabara wala nyuma ya malori ya shaba. Habari ya vumbi ilikuwa uongo.

Tunaomba pia, kama hutarudi, utuambie hivyo bila kutusitiri. Tutakubali. Tutaendelea kukutaja kwa heshima, na kwa sauti.

Hapa ndipo risala ilipoishia tulipoisoma kwa majaribio juzi. Mwajuma akasimama akasema haijafika. Akasema, "Mmeandika sisi, sisi, mpaka mwisho. Aliniambia majina. Mimi ndiye niliyesema lile neno. Nilimwambia Gloria pembeni ya jiko, nikijua atalipeleka, halafu kwenye kikao nikajifanya nalisikia kwa mara ya kwanza. Andikeni hivyo." Katibu alimuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika kuliko kitu chochote alichosema mwaka huu. Baada yake kila mmoja akataka lake liandikwe.

Mistari inayofuata katibu ameiongeza kwa mkono asubuhi hii. Mgeni rasmi, tumeona umeshuka kwenye Coaster na ndoo mbili, vifuniko vimefungwa kwa kamba, na umemkataza kijana wa mizigo asizishike. Umezishusha wewe mwenyewe, ukaziweka kwenye ile nafasi pembeni ya meza ya Mwajuma, ndipo ukatafuta pa kuweka kiti. Katiba hairuhusu kumuuliza mgeni rasmi amebeba nini. Tunasubiri.

Mungu akubariki, akulipe kwa miezi sita tuliyokuonea, akubarikie nyumba yenu ya Itumba na wote walioamini kwamba wewe si mchawi wakati sisi hatukuamini. Atujalie siku nyingine kuuliza kabla ya kunyoosha mikono.

Tumeiandika na tunaikiri, kila mtu kwa jina lake:

Mwajuma Othmani, niliyelitamka neno.
Gloria Silwimba, niliyelipeleka.
Frida Simkonda, mwenyekiti, niliyepitisha ajenda iliyofuata uliposubiri jibu.
Mariam Abdulwahab, niliyesema unauvuta kutokea Ileje.
Atupele Nzowa, niliyekudanganya habari ya vumbi.
Leah Sichone, katibu, niliyeandika yote bila kuuliza.

Kikundi cha Tulia Unywe,
Tunduma.